Prodyusa Habonyezi Vitufe Tu

Ukiwauliza wanafunzi wa shule hii prodyusa ni nani, wengi watakujibu kwamba ni yule jamaa anayekaa nyuma ya kioo akibonyeza vitufe huku msanii akiimba. La hasha! Hiyo ni sehemu ndogo tu. Nataka nikueleze ile kubwa, na mfano wangu nautoa hapa hapa Nairobi.

Tedd Josiah alikuwa mwimbaji kabla ya kuwa mtayarishaji wa muziki. Miaka ya 1990 kijana wa Nairobi aliyetaka kufoka aliona ni lazima ajikaze kuongea kama Mmarekani. Josiah akawa na sikio la aina nyingine. Chukua "Uhiki" wa Hardstone. Mdundo wake umetokana na "Sexual Healing", wimbo wa Marvin Gaye wa 1982, lakini maneno ya Kikuyu yanahusu harusi, kwani uhiki ni harusi. Nyanyako anaelewa, na kaka yako anacheza!

Msanii mchanga ana shida moja kubwa: mara nyingi ana wimbo mmoja tu mzuri, na wimbo mmoja haujazi albamu. Dawa ya Josiah ilikuwa kuwakusanya wengi pamoja. Mwaka wa 1998 ikatoka "Kenyan: The First Chapter", na 1999 ikafuata ya pili, ambamo Gidi Gidi Maji Maji walisikika wakiimba Kijaluo. (Wakati huohuo Kalamashaka wa Dandora walikuwa wakifoka kwa Kiswahili, jambo ambalo chama chetu hakina budi kulifurahia.)

Ndani ya studio kuna kazi ya jasho. Mgeni akishika maikrofoni huukimbia mdundo, humeza maneno na kuvuta pumzi katikati ya neno. Prodyusa aliyekomaa humrudisha mstari uleule mara kumi, hata ishirini, kisha huchagua uliotoka vizuri. Humwambia pia kwamba ubeti wa tatu hauna maana, autoe. Hapo ndipo wengi hununa, maana nani apendaye kukatiwa ubeti wake?

Gidi Gidi Maji Maji walirudi mwaka wa 2002 na "Unbwogable", kazi ya Josiah vilevile. Katikati ya neno hilo mna "bwogo", yaani kutisha kwa Kijaluo, nayo ikavishwa Kiingereza mbele na nyuma: asiyetishika. Mwaka huohuo wafuasi wa NARC waliuimba katika kampeni, na KANU, iliyotawala tangu 1963, ikaondoka madarakani. Sidhani neno hilo lingezaliwa mbele ya prodyusa anayewaambia vijana waige New York.

Sasa tazama mambo yalivyo mtaani kwetu. Mwaka jana wavulana wawili wa kidato cha pili walichanga pesa za nauli wakaenda studio moja. Walirekodiwa mara moja tu, wakapewa wimbo kwenye flashi, kwaheri. Hakuna aliyewaambia kwamba kiitikio kinachelewa, ingawa sisi darasani tulikisikia mara moja. Wimbo wenyewe walikuwa wameuandika kwanza kwa Kikamba, wakaugeuza kuwa Kiingereza njiani ndani ya matatu, eti wasichekwe. Ule wa Kikamba bado wanao daftarini, na mimi nimeusoma. Ni mtamu kuliko ule wa flashi.