Jiko la Chomboni: Maneno na Desturi za Moto katika Vyombo Vidogo vya Mafia

Mtu wa bara aingiapo mara ya kwanza katika mashua ya Mafia hustaajabu kuona moto ukiwaka ndani ya chombo cha mbao. Mbao zenyewe zimekalafatiwa kwa pamba na mafuta, tanga ni nguo kavu, na kamba zimetapakaa kila upande. Hata hivyo wali hupikwa humo, na samaki hubanikwa. Katika maelezo haya nataka kuonyesha kwanza maneno yanayohusu jambo hili, na baada yake namna ya kuchagua jiko lifaalo chombo kidogo. Kwa maana kosa la jiko baharini si kuunguza chakula tu.

Neno jiko, ambalo wingi wake ni meko, lafuata njia moja na jino na meno. Maana yake ya asili ni mahali pa moto, na kwa hiyo mwanamume aliyeoa husemwa kwamba amepata jiko. Mawe matatu ya kuinjikia chungu huitwa mafiga, na penginepo mafya, na wazee husema, "Figa moja haliinjiki chungu." Seredani ni jiko la makaa lichukulikalo kwa mkono. Tena yafaa tupambanue kuchoma na kubanika. Achomaye huweka samaki juu ya makaa au juu ya wavu wa chuma. Abanikaye humbana samaki katika kijiti kilichopasuliwa, akakichomeka kando ya moto, joto limfikie pasipo ndimi za moto. Basi abanikaye hahitaji wavu, bali ahitaji mchanga wa kuchomekea kijiti chake.

Mchanga huo ndio uliokuwa msingi wa jiko la zamani la chomboni. Lilikuwa sanduku la mbao lisilo na kifuniko, limejazwa mchanga au udongo, na mafiga yamewekwa juu yake. Mchanga hauungui, huzuia joto lisishuke kwenye mbao, hushika mafiga yasiteleze, na ukitokea msiba huwa tayari kwa kuzimia moto. Kuni zilikuwa vifuu na makumbi ya nazi, ambazo Mafia haikosi, pamoja na miti ya mikoko. Siku hizi mikoko haikatwi pasipo kibali, na sehemu kubwa ya bahari ya kusini ya kisiwa imekuwa hifadhi tangu mwaka 1995.

Leo majiko ya kuchagua ni mengi. La kwanza ni jiko la bati la makaa. Ni jepesi na bei yake ni ndogo, lakini maji ya chumvi hulila upesi kwa kutu, nalo likiwekwa juu ya ubao mtupu huupasha joto hata ukaungua. La pili ni jiko la bati lenye kauri ndani, lililoenea kutoka Kenya katika miaka ya 1980, mafundi wakifuata mfano wa jiko la Thailand. Kiuno chake ni chembamba na kitako chake ni kipana, kwa hiyo halipinduki upesi. Tena hutumia makaa machache. Aibu yake ni moja: kauri yenye moto ikirushiwa maji ya bahari huweza kupasuka.

La tatu ni jiko la mafuta ya taa. Lile la kupigwa pampu lilibuniwa Sweden mwaka 1892, likaitwa Primus, nalo lilitumiwa na mabaharia wa nchi nyingi. Lakini chombo kinapoyumba mafuta huweza kumwagika, na mafuta yawakayo hayazimwi kwa maji, kwa kuwa maji huyatawanya. Huzimwa kwa mchanga au kwa gunia lililoloweshwa. La nne ni jiko la gesi. Nyumbani ni jema sana. Chomboni lina hatari isiyoonekana. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hushuka ngamani na kutulia huko. Maji ya ngama huonekana, yakafuliwa kwa upo. Gesi haionekani, nayo hungoja kiberiti. Mvuke wa petroli nao huwa vivyo hivyo.

Mimi mwenyewe niliwahi kuvuka kutoka Kilindoni kwenda pwani ya Rufiji wakati wa kusi, na jiko la bati limewekwa juu ya ubao, halikufungwa. Chombo kikalalia upande, makaa yakamwagika kati ya magunia ya mbata. Baharia kijana akateka maji kwa upo akayamwaga upesi, na ubao ukabaki na kovu jeusi. Hakuna aliyesema neno hata tulipotia nanga. Hatukuwa na mahali pa kukimbilia.

Wengine hawakupata neema hiyo. Mwezi wa Aprili mwaka 2025, karibu na mji wa Mbandaka katika Kongo, chombo cha mbao kilichojaa abiria kiliteketea mtoni. Maofisa walieleza kwamba moto ulianza kwa mtu aliyekuwa akipika chomboni, na hesabu za waliokufa zilizotangazwa zilipita 140.

Basi, tuchague vipi? Kwanza tutazame chombo. Katika ngalawa na mtumbwi hapana nafasi ya moto. Wavuvi wake wachukue mihogo iliyokwisha kupikwa, au wapike pwani, kama wafanyavyo watu wa dago. Katika mashua, jiko lenye kauri lililozamishwa nusu katika sanduku la mchanga lashinda mengine yote. Sanduku lifungwe kwa waya, kwa kuwa kamba ya makumbi hushika moto.

Pili tutazame upepo. Heri kupika wakati chombo kimetia nanga. Hapo omo huelekea upepo, na moto uwekao tezi hutupa cheche zake baharini, wala si kwenye tanga. Lakini ikiwa mashine ya petroli iko tezi, moto usiwashwe chomboni kabisa.

Tatu, ndoo ya maji na gunia bichi viwe tayari kabla ya kiberiti kuwashwa, si baada yake. Na jiko la makaa lisiingizwe kamwe chini ya turubali walalapo watu, hata kukiwa na mvua na baridi, kwa sababu makaa hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu usingizini.

Mwalimu avukaye na watoto wa shule hana amri juu ya nahodha. Hata hivyo anaweza kuuliza kwa adabu, kabla ya nanga kung'olewa, "Nahodha, jiko limekaa wapi?" Nahodha mwema hatachukizwa na swali hilo, naye asiye na jibu, ni afadhali kungoja chombo kingine.