Mtoto akiungua uji: Dakika 20 za maji zinazoweza kuokoa mkono wake

Arusha. Asubuhi ya Juni au Julai, ubaridi wa Mlima Meru ukiwa umeshuka hadi mitaani, karibu kila mlango wa Daraja Mbili una moto. Jiko la mkaa liko nje, mtungi mdogo wa gesi umekaa sakafuni, maji ya kuwaogesha watoto yanachemka kabla ya shule na uji uko pembeni unapoa. Chumba ni kimoja, korido ni ya wapangaji wote, na mtoto aliyeanza kutembea wiki iliyopita hana njia nyingine ya kupita.

Ajali nyingi za moto zinazowapata watoto wadogo huanzia hapo. Nyumba haiwaki, wala hakuna anayeita zimamoto. Ni kikombe cha chai kilichovutwa pamoja na kitambaa cha meza, sufuria ya uji iliyokumbwa na mtoto anayekimbia, au beseni la maji ambalo mama alikuwa bado hajalichanganya na ya baridi.

Utafiti uliofanyika Hospitali ya Bugando, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2011, uliwaangalia watoto zaidi ya 300 waliotibiwa hapo kwa kuungua. Karibu nusu yao walikuwa na umri wa miaka miwili au chini yake. Zaidi ya nusu waliunguzwa na vitu vya majimaji kama maji, chai na uji, na wengi waliungulia jikoni.

Wengi wa watoto wa namna hii hupona. Lakini wapo wanaopona vidole vikiwa vimekunjwa ndani ya kiganja, kiwiko hakinyooki, au kidevu kimevutwa na kovu hadi karibu na kifua. Mtoto huyo anafika darasa la kwanza hawezi kushika penseli. Tafiti za madaktari wa upasuaji rekebishi, zikiwamo za hapa jirani, zinaonyesha kuwa sehemu kubwa ya ulemavu huo inazuilika, na kwamba wa kwanza kuuzuia ni yule aliye karibu na mtoto anapoungua.

Maji, tena kwa muda mrefu

Mwaka 2020 watafiti wa Brisbane, Australia, walichapisha matokeo ya watoto 2,495 waliopelekwa hospitali kwa kuungua. Walitaka kujua kama maji ya baridi ya bomba yanasaidia kweli, na kwa kiasi gani. Waliwalinganisha watoto waliomwagiwa maji yanayotiririka kwa dakika 20, ndani ya saa tatu tangu kuungua, na wale waliomwagiwa kwa muda pungufu au ambao hawakumwagiwa kabisa.

Kwa waliopata dakika 20 kamili, uwezekano wa kuhitaji kupandikizwa ngozi ulikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40. Vidonda vyao havikuingia ndani sana, na uwezekano wa kulazwa ulikuwa mdogo zaidi.

Mpishi yeyote anaielewa sababu yake. Wali ukishaepuliwa, bado unaendelea kuiva kwa joto lililobaki ndani ya sufuria. Ngozi nayo ni hivyo. Maji ya moto yameshamwagika sakafuni, lakini joto lililoingia mwilini linaendelea kuunguza tabaka za chini mpaka lipoozwe.

Dakika 20 ni ndefu mno mtoto anapolia. Angalia saa ya simu, usikisie. Kwanza mvue nguo zilizoloa maji ya moto, na bangili au shanga kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandia kwenye ngozi iache. Bomba la uani likiwa limekata, tumia ndoo na jagi: mimina taratibu juu ya sehemu iliyoungua, huku mtu mwingine akileta maji. Yakiwa machache sana, kitambaa safi kilicholoweshwa na kubadilishwa kila mara kinasaidia kuliko kukaa bure. Barafu usitumie, kwa kuwa inaiumiza zaidi ngozi iliyokwisha kuumia.

Kwa baridi yetu, mwagia sehemu iliyoungua tu. Mwili uliobaki ufunike kwa blanketi au kanga, maana mtoto mdogo hupoteza joto haraka. Kama umefika nyumbani saa moja au mbili baada ya ajali, maji bado yana faida.

Ukimaliza, funika kidonda kwa kitambaa safi kikavu, usipasue malengelenge, kisha mpeleke mtoto kituo cha afya.

Lini usisubiri kesho

Kiganja cha mtoto, pamoja na vidole vyake, ni karibu asilimia moja ya ngozi ya mwili wake wote. Ukiona sehemu iliyoungua inazidi kiganja chake, nenda siku hiyohiyo. Nenda pia, hata kama eneo ni dogo, ikiwa ameungua usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo kama kiwiko na goti. Ikiwa ni umeme. Au ikiwa hajatimiza mwaka.

Usidanganyike kwa kuona halii. Kidonda kilichoingia ndani sana wakati mwingine hakiumi, kwa sababu mishipa ya fahamu nayo imeungua.

Kwa sera ya afya, mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bila malipo katika vituo vya Serikali. Gharama zikikushinda kwa mkubwa wake, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kukata tamaa.

Hata madaktari waliwahi kupaka

Jirani atakayekukuta umembeba mtoto atakwambia mpake dawa ya meno. Mwingine atataja yai bichi, unga wa ngano, samli au mafuta ya taa. Wote wana nia njema. Lakini vitu hivyo havipoozi kidonda kama maji, vinaweza kuingiza vijidudu, na vinamlazimu muuguzi kumsugua mtoto kwa maumivu ili tu akione kidonda.

Usiwacheke wanaoshauri hivyo, kwa sababu madaktari wa Ulaya na Marekani nao walipaka. Kuanzia miaka ya 1920 walisifia asidi ya tanini, ndugu wa kile kinachoipa chai ya rangi ukakasi wake. Ilikausha kidonda na kuacha gamba gumu juu yake. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, marubani wa Uingereza walioungua mikono walipakwa dawa hiyo, na vidole vyao vikakakamaa chini ya gamba.

Daktari Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand aliyefanya kazi East Grinstead, kusini mwa Uingereza, aliona jambo: marubani walioangukia baharini walikuwa wanapona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu. Akapinga asidi ya tanini, akaanza kuwaosha wagonjwa kwenye mabafu ya maji yenye chumvi iliyopimwa, akawapandikiza ngozi. (Yale yalikuwa matibabu ya hospitali, nyumbani tumia maji ya kawaida.) Wagonjwa wake walijua kuwa mengi yalikuwa yanajaribiwa kwao kwa mara ya kwanza. Mwaka 1941 waliunda chama chao wakakiita kwa utani Guinea Pig Club, jina la mnyama mdogo wa maabara. Hadi vita inakwisha, chama kilikuwa na wanachama 649.

Habari ya McIndoe inafika mpaka huku kwetu. Miaka ya 1950, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, yeye na madaktari Michael Wood na Tom Rees walipanga huduma ya kuwapelekea watu wa vijijini upasuaji kwa ndege. Ndiyo asili ya Amref na madaktari wake wa ndege. Wote watatu walikuwa mabingwa wa upasuaji rekebishi.

Kwa nini mkono unajikunja

Kidonda kilichoingia ndani kinapopona, mwili huvuta kingo zake ili zikutane. Nguvu hiyo haiishi siku kidonda kinapofunga. Kovu huendelea kukaza kwa miezi mingi, mara nyingi mwaka mzima au zaidi.

Wakati huohuo mtoto hukaa mkao usiomuuma: vidole vimekunjwa, kiwiko kimekunjwa, shingo imeinama. Kovu hukaza likiwa katika mkao huohuo. Baadaye mifupa inakua, na kovu haliongezeki kwa kasi hiyo, hivyo kiungo kinazidi kuvutwa.

Ndiyo maana muuguzi humfunga mtoto banzi la kunyoosha vidole usiku, na mtaalamu wa mazoezi tiba humnyoosha mkono huku akilia. Mzazi akifungua banzi kwa huruma, anaanza kuupoteza mkono ule. Omba uonyeshwe mazoezi hayo, uyafanye nyumbani kila siku, na umpe dawa ya maumivu aliyoandikiwa muda mfupi kabla ya kuanza.

Kuna kipimo kimoja ambacho mzazi anaweza kukifuata bila kusomea udaktari, nacho ni kalenda. Tafiti za makovu tangu miaka ya 1980 zimeonyesha kuwa kidonda kinachofunga ndani ya wiki mbili kwa kawaida huacha kovu dogo. Kikivuka wiki tatu, uwezekano wa kovu nene linalokaza unapanda sana. Wiki ya pili ikiisha na bado kuna sehemu iliyo wazi, uliza waziwazi: “Daktari, mtoto huyu anahitaji kupandikizwa ngozi?” Kama kituo hakina huduma hiyo, omba rufaa.

Ngozi inayopandikizwa hutoka kwa mtoto mwenyewe, mara nyingi pajani. Tabaka jembamba huchukuliwa, na pale ilipotoka ngozi hujiotea yenyewe kwa muda wa wiki mbili hivi.

Kama mkono umeshajikunja

Wazazi wengine wanasoma haya wakiwa na mtoto aliyeungua miaka mitatu iliyopita. Kwao pia lipo la kufanya.

Katika Hospitali ya Kilutheri Haydom, mkoani Manyara, madaktari wa Tanzania na wenzao wa Uholanzi waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 40 waliofanyiwa upasuaji wa kuachia makovu yaliyokunja viungo. Walipima kila kiungo kinanyooka kiasi gani kabla ya upasuaji, na wakapima tena baada ya mwaka. Katika matokeo waliyochapisha, mwendo wa viungo hivyo uliongezeka sana. Wagonjwa pia walipata nafuu katika shughuli zao za kila siku.

Upo upasuaji mkubwa zaidi, wa kuhamisha kipande cha mwili pamoja na mishipa yake ya damu. Daktari huiunga mishipa hiyo, yenye unene wa milimita moja au mbili, chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mwaka 1968, katika hospitali ileile ya East Grinstead, daktari John Cobbett alihamisha kidole gumba cha mguu kikawa kidole gumba cha mkono. Watoto wengi wenye makovu ya moto hawahitaji kufika huko.

Wanachohitaji ni muda wa kupona chini ya uangalizi. Hapa Arusha, tangu mwaka 2008, kituo cha The Plaster House kinawapokea watoto wenye ulemavu wanaofanyiwa upasuaji, wakiwamo wenye makovu ya moto. Wanakaa hapo wakibadilishiwa bandeji na kufanyishwa mazoezi, badala ya kurudi mapema mbali na huduma.

Ukiombwa mtoto aingie kwenye utafiti

Huenda siku moja hospitalini ukaombwa ruhusa ili mtoto wako awe sehemu ya utafiti. Tofauti na enzi za McIndoe, leo utafiti wa afya nchini lazima uwe na kibali cha maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ni miongoni mwa wanaokitoa. Una haki ya kuelezwa kwa Kiswahili unachokielewa kabla ya kusaini.

Uliza: mtoto atafanyiwa nini ambacho wengine hawafanyiwi? Kuna hatari gani? Nani atalipa nauli tukiitwa kupimwa tena? Naweza kumtoa katikati? Ukikataa, matibabu yake ya kawaida yanabaki palepale. Ukikubali, mrudishe kila anapoitwa, hata akiwa ameshapona. Watafiti wa Haydom wasingeweza kusema lolote kuhusu mwaka mmoja baadaye kama wagonjwa wao wasingerudi kupimwa.

Jikoni kwako leo

- Weka maji ya baridi kwenye beseni kwanza, ya moto yafuate. Pima kwa kiwiko kabla ya kumweka mtoto.
- Jiko la mkaa na mtungi wa gesi viwekwe juu ya kitu kilichotulia, au pazungushiwe kizuizi cha matofali au benchi.
- Mpini wa kikaango uelekee ukutani. Chupa ya chai ikae mbali na ukingo wa meza, na kitambaa kinachoning'inia kiondolewe.
- Usimpakate mtoto huku unakunywa chai ya moto.
- Mtoto mwenye kifafa asiachwe peke yake karibu na moto, na dawa zake zisikatishwe.
- Ndoo moja ya maji safi yenye mfuniko na jagi juu yake ikae tayari kila wakati, hasa siku za mgawo wa maji.
- Mwonyeshe dada wa kazi, bibi na jirani unayemwachia mtoto jinsi ya kumwagia maji, na uwaambie kuwa ni dakika 20 kwa saa.