Binti anaposafiri peke yake: Safari haiishii stendi

Ni saa 4 usiku. Basi lililotoka Dar es Salaam mchana limeingia Dodoma likiwa limechelewa. Binti wa miaka 19, anayekwenda kuanza chuo, anashuka akiwa na begi na ndoo yenye vyombo. Kabla hajasimama vizuri, mikono mitatu imeshashika begi lake. Bodaboda mmoja anamwita dada, mwingine anamwita mchumba. Simu yake ina chaji asilimia 4, na mwenyeji aliyeahidi kumpokea hapatikani.

Hajaibiwa wala hajaguswa. Lakini usalama wake kwa usiku huo unategemea uamuzi atakaoufanya ndani ya dakika tano, akiwa amechoka na ana hofu.

Wazazi wengi huomba basi lifike salama, na likifika hushusha pumzi. Kumbe kwa msichana aliye peke yake, kipande kigumu cha safari mara nyingi ni kile kifupi, cha kutoka stendi hadi mlango wa nyumba anakokwenda. Kipande hicho kinaweza kupangwa kabla hajatoka nyumbani.

Saa ya kufika kwanza

Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi ya mikoani kusafiri usiku, baada ya zuio la miaka mingi. Ni nafuu kwa wasafiri, lakini sasa binti anaweza kujikuta anafika saa 8 usiku. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza nauli, mzazi na binti wakubaliane atafika saa ngapi. Basi la saa 12 asubuhi kutoka Dar es Salaam hufika Dodoma mchana, watu wakiwa wengi na magari yapo.

Hata kuondoka kuna mpango wake. Tangu mwaka 2021 mabasi mengi ya Dar es Salaam huanzia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Kwa anayetoka Mbagala au Kigamboni, basi la alfajiri maana yake ni kutoka nyumbani usiku wa manane. Asindikizwe, au alale kwa ndugu aliye karibu na kituo. Ikishindikana, achukue basi la saa 2 au saa 3 asubuhi.

Tiketi ikatwe mapema, ofisini au kwa simu, ili binti asifike stendi akaangukia mikononi mwa wapiga debe. Picha ya tiketi itumwe nyumbani, kwa kuwa ina jina la kampuni, namba ya gari na ya kiti. Chaji ya akiba iwemo kwenye mkoba, na fedha zigawanywe sehemu mbili. Ile ya dharura isiguswe kwa soda wala vocha.

Ndani ya basi na daladala

Maswali ya jirani wa kiti mara nyingi ni ya ukarimu tu. Hata hivyo, binti hana deni la kumweleza mtu kwamba ni mgeni, anafikia wapi au kwamba hakuna anayempokea. Jibu la “kaka yangu ananisubiri stendi” linatosha. Biskuti na juisi za mtu asiyemjua azikatae kwa adabu, kwa sababu wapo abiria waliozinduka wakiwa hawana mizigo wala simu.

Jirani akianza kumpapasa kwa kisingizio cha usingizi, aseme kwa sauti ya kusikika: “Kaka, toa mkono wako.” Kisha amwombe konda ambadilishie kiti. Anayefanya hivyo hutegemea aibu ya msichana, na akisikika mbele za watu huwa ndiye anayeona aibu.

Kwenye daladala ya usiku, akae karibu na mlango au karibu na wanawake wenzake. Akiona abiria wote wanashuka na anabaki yeye na wenye gari, ashuke nao mahali penye taa na watu, hata kama kituo chake hakijafika.

Akishuka

Wenyeji wawe wawili wenye namba tofauti, ili mmoja asipopatikana awepo mwingine. Akikosa wote, asitoke stendi. Akae ndani, karibu na akina mama wenye watoto au kwenye ofisi ya kampuni ya basi, na kama ni usiku mkubwa asubiri kupambazuke. Bora kulala kwenye benchi akiwa na wengine kuliko kupanda pikipiki ya kukisia.

Akilazimika kuchukua bodaboda, amchukue wa kijiweni, apige picha namba ya pikipiki na aitume nyumbani dereva akiona. Kwa gari la kuitwa kwa simu, alinganishe namba kabla ya kufungua mlango.

Asiogope kupiga simu nyumbani

Yote haya hayasaidii kama binti anaogopa kupiga simu. Wapo wanaoshikwashikwa ndani ya basi wakanyamaza, kwa kuwa wanajua swali la kwanza litakuwa “ulivaa nini?” na la pili litakuwa marufuku ya kusafiri. Mzazi anayegomba kabla ya kusikiliza anamfundisha mwanawe kuficha.

Familia inaweza kukubaliana neno la siri. Binti akiuliza, “Bibi ameshakunywa dawa?” nyumbani wajue kwamba hawezi kuzungumza wazi na anahitaji msaada. Apigiwe mara moja, na aliye karibu naye atafutwe.

Ajue pia kwamba sheria iko upande wake. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imefanya bughudha ya kijinsia, hata ya maneno, kuwa kosa la jinai. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Na kama nyumba hiyo ina mtoto wa kiume, naye aitwe kwenye mazungumzo haya. Huenda kesho akawa abiria, konda au bodaboda, na binti wa mwenzie atashuka mbele yake saa 4 usiku.