Kuyafanya Maarifa Yakokotoleke: Lugha ya Alama na Swali la Saa

1. Utangulizi

Mtu akisoma kwamba basi huondoka saa mbili asubuhi, amepata habari. Tarakilishi iliyohifadhi sentensi hiyo haijapata chochote ila mfuatano wa herufi. Yaweza kuitafuta sentensi na kuionyesha, lakini haiwezi kusema ni muda gani umesalia kabla ya basi kuondoka. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maarifa yaliyoandikwa yanavyoweza kugeuzwa yakawa ya kukokotolewa, na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kazi ya lugha.

Fikra yenyewe si ngeni. Katika karne ya 17, Gottfried Wilhelm Leibniz alitamani iundwe lugha ambayo kila wazo lingekuwa na alama yake, ili wabishani waache kubishana, wapige hesabu. Mwaka 1958, huko Marekani, John McCarthy alianza kubuni Lisp, lugha ya programu inayoshughulikia alama wala si tarakimu peke yake. Mwaka 1988 Stephen Wolfram na wenzake walitoa Mathematica, na mwaka 2009 wakaanzisha Wolfram|Alpha, huduma inayojibu maswali kwa kukokotoa. Lugha iliyo msingi wa kazi hizo mbili sasa huitwa Wolfram Language.

2. Umbo la usemi

Katika lugha hiyo kila kitu, kiwe hesabu, picha au mji, huwa na umbo moja: kichwa, kisha vijenzi vyake ndani ya mabano ya mraba. Tukitumia maneno yetu wenyewe kwa mfano, twaweza kuandika JUMLISHA[2, 6]. Mwanaisimu hatalishangaa umbo hili, kwani lafanana na kitenzi na nomino zinazokitegemea. Kazi ya mashine ni kubadilisha usemi mmoja kuwa mwingine kwa kufuata kanuni ilizopewa.

Lugha nyingi za programu hulikataa jina ambalo halijapewa thamani. Lugha ya alama hulipokea: JUMLISHA[n, 6] hubaki n + 6 mpaka n ijulikane. Hata hivyo, sharti alama iwe na maana moja. "Nairobi" ni jina la mji, na pia ni jina la mto. Kabla ya kuuliza urefu au idadi ya watu, lazima mtu awe ameamua ni Nairobi ipi inayotajwa.

3. Swali la saa

Turudi kwenye basi letu. Mtungaji mwenye haraka ataandika kanuni hii:

SAA[n, asubuhi] → n + 6

Kwa kanuni hiyo saa mbili asubuhi huwa 8:00, na saa nne huwa 10:00. Yaelekea kuwa sawa. Lakini SAA[12, asubuhi] huleta 18:00, wakati wa jua kuchwa, ilhali kila Mswahili ajua kwamba saa kumi na mbili asubuhi ni mapambazuko. Msafiri atakayeitegemea mashine hiyo atachelewa kwa saa kumi na mbili kamili. Kosa si la mashine, kwani imetii ilivyoagizwa.

Chanzo cha kosa ni kwamba saa za Kiswahili zina mafungu mawili, mchana na usiku, kila fungu likiwa na saa kumi na mbili. Maneno asubuhi na jioni hayafuati mpaka huo. Saa kumi na mbili asubuhi ni saa ya mwisho ya fungu la usiku. Vivyo hivyo, saa kumi na moja jioni ni ya mchana, na saa moja jioni ni ya usiku. Kwa hiyo kanuni iliyo sahihi hutazama neno pamoja na nambari, ipate kwanza kutambua fungu. Ikiwa ni mchana, huongeza 6. Ikiwa ni usiku, huongeza 18, na jumla ikifika 24 au kuzidi, hutoa 24. Hapo saa kumi na mbili asubuhi huwa 6:00.

4. Hitimisho

Yafaa ikumbukwe kwamba si maarifa yote yatakayoingia ndani ya mabano. Methali hubadilika maana kwa kutegemea msemaji na hadhira yake. Lakini yale yawezayo kuingia yahitaji mtu aijuaye lugha kutoka ndani. Mbali na saa, kuna istilahi za ujamaa: asiyetofautisha mjomba na baba mdogo ataandika kanuni moja palipohitajika mbili, na ukoo wa mama utachanganywa na wa baba. Idara za lugha zaweza kuanza na mambo madogo kama haya, kwa kuorodhesha matumizi, kuyapima na kuyaandikia kanuni. Kazi hiyo isipofanywa na wenye lugha, itafanywa na yule mtungaji mwenye haraka, na makosa yake yatatolewa kama majibu kwa wasemaji wa Kiswahili wenyewe.