Dawa Isiyokaa Mwilini

Februari 1941, katika hospitali ya Radcliffe mjini Oxford, Uingereza, askari polisi Albert Alexander alikuwa taabani. Usaha ulimwenea usoni na jicho moja lilikuwa limeshaondolewa. Madaktari wakamdunga penisilini, dawa iliyokuwa imetoka kuokoa panya wa maabara. Homa ikashuka, akaanza kula. Lakini dawa yenyewe ilikuwa haba mno, hata watafiti wakawa wanakusanya mkojo wake, wanaupeleka maabara kwa baiskeli, wanatoa humo penisilini na kumdunga upya. Baada ya siku tano ikaisha. Vijidudu vikarudi, na tarehe 15 Machi Alexander akafariki.

Mkojo ule unaeleza mengi. Figo huitoa penisilini ya kawaida upesi sana, na saa chache baada ya sindano sehemu kubwa inakuwa imeshatoka.

Dawa hii humvizia bakteria anapokua. Bakteria amezungukwa na ukuta mgumu unaomzuia asipasuke kwa maji yanayojaa ndani yake. Akitaka kugawanyika lazima ajenge ukuta mpya, na ujenzi huo hufanywa na vimeng'enya maalumu. Penisilini hung'ang'ania vimeng'enya hivyo, ukuta unabaki na mianya, maji yanaingia, bakteria anapasuka. Seli za binadamu hazina ukuta wa namna hiyo, kwa hiyo hazidhuriki. Virusi vya mafua navyo havina, ndiyo maana kumeza amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini, kwa ajili ya mafua ni kupoteza fedha.

Bakteria asiyejenga kwa wakati huo husalimika. Atauawa tu ikiwa dawa bado imo mwilini atakapoanza kujenga. Kwa hiyo "moja kutwa mara tatu" ya duka la dawa maana yake ni kila baada ya saa nane, wala si vidonge vitatu kati ya asubuhi na jioni.

Wanasayansi walitafuta njia ya kuichelewesha penisilini mwilini, wakapata benzathini penisilini, sindano chungu inayovuja polepole kutoka kwenye msuli kwa wiki kadhaa. Sindano moja ya penisilini ya aina hii ya kukawia iliweza kuponya buba, ugonjwa uliokuwa ukila ngozi na mifupa ya watoto wa vijijini katika nchi za joto, Afrika Mashariki ikiwamo. Leo sindano hiyohiyo hutibu kaswende, na hutolewa kila baada ya wiki tatu au nne kwa vijana waliougua homa ya baridi yabisi, ili valvu za moyo zisiharibike zaidi.

Bakteria nao hujitetea. Mwaka 1940, kabla yule askari hajadungwa, Edward Abraham na Ernst Chain walikuwa wameshaeleza kimeng'enya cha bakteria kinachovunja penisilini. Alexander Fleming, aliyeigundua dawa hii mwaka 1928, alionya alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba dozi pungufu huwazoesha vijidudu dawa.

Onyo hilo linamhusu kila anayenunua vidonge vinne kwa kuwa fedha haitoshi. Msomaji, kapime kwanza, mwambie mhudumu kama penisilini iliwahi kukuletea mzio, na unywe dozi yote uliyoandikiwa, kwa saa zake.