Mvua ya Uluguru, maji ya Kwala: vifaa vidogo vinavyotoa habari mapema

Mvua kubwa inaweza kunyesha milima ya Uluguru huku Kwala jua likiwaka. Lakini maji hayo huingia Mto Ruvu, na mwenye shamba bondeni anahitaji kujua kabla hayajamfikia.

Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), vyuo vikuu vya Makerere na Juba, na Bergen cha Norway, walishirikiana katika mradi wa WIMEA-ICT kutengeneza vituo vya hali ya hewa vya gharama nafuu. Badala ya mashine moja kubwa, kituo kina vifaa vidogo kadhaa. Kimoja hupima upepo, kingine joto na unyevu, kingine mvua. Kila kimoja hutuma vipimo kwa mawimbi ya redio hadi kifaa kikuu, nacho huvipeleka mbali kupitia mtandao wa simu. Ili kutunza betri, hulala muda mwingi, huamka, hupima na kutuma.

Kimoja kikiharibika, vingine huendelea. Kifaa kikuu kikizimika, kituo chote hunyamaza.

Na hata kikifanya kazi, kompyuta haimwamshi aliyelala bondeni. Hapo ndipo redio, simu na mwenyekiti wa kitongoji wanapohitajika.