Kulala kwa Mwenyeji Usiyemjua: Linda Pesa Zako

Unaenda Lamu peke yako na mfuko ni mwepesi? Kwenye Couchsurfing, mtandao ulioanza 2004, wenyeji hukaribisha wasafiri bila kulipisha malazi. Kwa hivyo mwenyeji akikuitisha pesa za kushikilia nafasi kabla hujafika, usitume.

Kama ni chumba cha kulipia, soma jina la mpokeaji kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo. Halilingani? Katisha.

Tunakushauri pia:

- Mwachie mtu wa nyumbani nambari ya mwenyeji.
- Weka kando, kwenye simu, pesa za chumba cha usiku mmoja na nauli ya boti hadi Mokowe. Ukikosa amani, toka.

Shukrani? Nunua samaki, mpike pamoja. Lakini PIN ni yako pekee.